Wajuzi wa podi za chai: kaka anakuja na begi moja, nimwagize ladha ipi?

BintiNyegezi (Alhamisi, saa 2:10 usiku)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina kijumba cha wageni huku Nyegezi, vyumba saba, si mbali na stendi. Wageni wangu wengi ni wa usiku mmoja. Anafika saa tatu usiku, saa kumi na moja alfajiri anawahi basi. Mpishi wangu anaingia saa kumi na mbili. Kwa hiyo mgeni anaondoka na tumbo tupu, na mimi hela ya chai inanipita hivi hivi.

Mwaka jana kaka yangu aliyeko Marekani alichangia kontena na wenzake, akanitupia humo mashine ya Keurig. Ni ile unaweka kikopo kimoja kidogo, wenyewe wanakiita podi, unafunga kifuniko, unabonyeza, kikombe kinajaa ndani ya dakika moja hivi. Ilikaa stoo nyuma ya magunia ya dagaa mpaka juzi nilipoikumbuka. Sasa kaka anakuja mwezi ujao na kaniambia begi lina nafasi ya maboksi manne tu, kila boksi podi 24, na nisimsumbue kwa picha ishirini.

Kahawa sitaki, wanywaji wangu ni wa chai. Nataka chai nyeusi yenye ladha, mgeni aseme "hii sijawahi kuionja". Kwenye rafu aliyonipigia picha kuna Earl Grey, ya viungo, vanila, pichi, rasiberi na moja ya maganda ya chungwa. Mimi ladha za chai ninazozijua ni tangawizi, iliki na mchaichai, basi.

Ndani ya boksi la mashine kaka aliweka podi sita za kuonja, kila ladha moja, na bado hazijaisha muda. Jioni hii nimejaribu ya vanila. Harufu nyumba nzima kama kuna keki kwenye oveni. Kunywa sasa: maji ya kusuuzia sufuria. Shida ni podi au ni mimi?

---

SatoMbichi

Dada, vyumba saba na mashine ya kikombe kimoja kimoja? Wakishuka wote saa kumi na moja, wa saba akipewa kikombe chake basi lishafika Usagara.

---

FundiNyakato

Ladha baadaye. Mashine imetoka Marekani, umeichomeka wapi?

---

BintiNyegezi

Nimeazima transfoma kwa jirani wa saluni, anatumia kwa mashine zake za nywele. Imeandikwa 1000W. Ilikuwa inanguruma kidogo tu.

---

FundiNyakato

Ichomoe leo, tena sasa hivi. Geuza mashine usome kibandiko cha chini. Keurig nyingi zinakula karibu wati 1,500 inapochemsha. Transfoma ya wati 1,000 kubeba wati 1,500 ni kumpa mtoto gunia la mchele. Huo mngurumo ndio kilio chake.

Na kwa wengine wanaosoma: mashine hizo ni za volti 120, sisi ni 230. Heita ya volti 120 ukiichomeka moja kwa moja hapa kwetu inavuta zaidi ya mara tatu na nusu ya umeme iliotengenezewa. Ile adapta ya miguu mitatu ya dukani inabadilisha umbo la plagi tu, volti haizigusi. Nimeshaletewa blenda mbili zilizokufa kwa sababu ya adapta hiyo.

Tafuta transfoma ya wati 3,000. Nzito, ya kukuuma mkono ukiinyanyua. Ukiona nyepesi na imeandikwa 3,000, mwandishi alikuwa na kalamu tu.

---

MzeeWaMajani

Binti, marahaba.

Nimefanya kazi kiwanda cha chai Mufindi miaka kumi na tisa kabla ya kurudi huku Buswelu kufuga kuku. Hizo mashine sina, ila mwanangu anayo na nimeichunguza vya kutosha kumkera. Nijibu jambo moja: ulibonyeza kitufe kipi?

---

BintiNyegezi

Mzee wangu, kikubwa kabisa, kimeandikwa 10. Nilitaka mgeni apate kikombe cha kushiba.

---

MzeeWaMajani

Ndipo ulipoiua.

Hizo namba ni wakia. Sita ni kama mililita 177, nane ni 237, kumi ni karibu 300. Podi ni ileile, majani ni yaleyale, gramu tatu hivi. Kwa hiyo ukibonyeza 10 huongezi chai, unaongeza maji. Nyumbani ungeweka kijiko kimoja cha majani kwenye birika la watu sita halafu umlaumu aliyekuuzia majani?

La pili ni muda. Mfuko wa chai unaukalisha kwenye maji ya moto dakika tatu, nne. Wengine tunauacha mpaka kijiko kisimame. Ndani ya podi maji yanapita chini ya dakika, yameingia juu yametoka chini. Ndiyo maana majani ya podi husagwa madogo, ili yatoe rangi haraka. Kiwandani tulikuwa na madaraja: BP1 ndiyo punje kubwa, halafu PF1, halafu PD, halafu D1 ambayo ni vumbi hasa. Watu husikia "vumbi" wakadhani ni uchafu wa kufagia. Si uchafu, ni chai ndogo, na kwa jambo la haraka ndiyo inayofaa.

La tatu ni asili ya majani. Chai yetu ya Afrika Mashariki, ya Mufindi, Rungwe, Kericho, nyingi ni CTC. Jani linapita kati ya roli zenye meno, linakatwa, linachanwa, linaviringwa kuwa punje. Punje hiyo inatoa rangi nyekundu na ukali mara tu inapogusa maji. Assam ya India nayo ni hivyohivyo. Chai za majani marefu zina harufu nzuri sana, ila zinataka subira, na podi haina subira. Kwa hiyo kabla hujauliza ladha, mwambie kaka ageuze boksi asome majani yametoka wapi. Akiona Kenya au Assam, asogee karibu.

La nne ni joto, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu jambo hili linanifurahisha. Keurig wenyewe wanataja nyuzi 192 za Fahrenheit, yaani 89 za Selsiasi. Mtu wa Dar atasema hiyo ni chai ya uvuguvugu, maji yake yanachemka kwa 100. Sisi wa Mwanza tuko juu ya usawa wa bahari mita 1,100 na zaidi, sufuria letu linachemka kwenye 96 tu. Kwa hiyo mashine hiyo imetuzidi ubaya kwa nyuzi saba, si kumi na moja. Kikombe baridi cha udongo wa kuchoma kinakunyang'anya nyingine kadhaa. Pitisha maji matupu kwanza kikombe kipate joto, umwage, ndipo uweke podi.

Jaribu tena kwa kitufe cha 6 kisha uje useme.

---

SatoMbichi

Mzee, sasa mililita 177 si kikombe cha kahawa cha wazee wa barazani? Mgeni atauliza kingine kiko wapi.

---

MzeeWaMajani

Amwongezee maziwa ya moto. Tatizo liko wapi?

---

ShangaziKirumba

Hapo kwenye maziwa ndipo nilipotaka kufika, maana mnaongea wati na madaraja na mtoto kauliza ladha.

Nimefanya kazi za nyumbani kwa wageni kule Capri Point miaka mingi, nyumba tatu tofauti, mbili zilikuwa na mashine hizo. Nimekunywa zote, zingine nikilipwa zingine kwa udadisi. Kwangu mimi chai za ladha ni za aina tatu, usizichanganye.

Kuna zilizopuliziwa harufu. Majani ni ya kawaida, yamenyunyiziwa mafuta au manukato ya tunda. Vanila, pichi, rasiberi, na huyo Earl Grey wako. Zinanukia kuliko zinavyoonja. Ukimimina maziwa, harufu na maziwa vinagombana na wewe ndiye unayepata kesi.

Kuna zenye viungo vyenyewe ndani: mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi, maganda ya chungwa. Hizo zinastahimili maziwa na sukari kwa sababu ndivyo vilivyozoeana tangu zamani. Hiyo ya maganda ya chungwa, kama ni boksi la Bigelow lililoandikwa Constant Comment, naijua vizuri. Bosi wangu wa pili alikuwa haanzi siku bila hiyo. Ni ya tangu 1945, alianza nayo mama mmoja Ruth Bigelow. Inanukia kama nyumba yenye pilau siku ya sikukuu na mtu anamenya chungwa mlangoni.

Aina ya tatu nitamwachia mwingine maana imeniudhi mno.

Earl Grey usiiogope lakini. Jina ni la waziri mkuu wa Uingereza wa miaka ya 1830, harufu ni mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya michungwa linalolimwa sana Calabria, kusini mwa Italia. Inywe ya rangi, sukari kidogo, bila maziwa. Waingereza watakuambia wao wanaweka maziwa, na wewe waambie hongera.

Na kati ya podi na podi pitisha maji matupu. Karafuu ikishakaa kwenye ile sindano inayotoboa podi, kila anayefuata anakunywa karafuu.

---

MwanaUkerewe

Aina ya tatu ni zile zinaitwa latte. Boksi lina picha ya povu na fimbo ya mdalasini, unadhani ni chai ya viungo kumbe ndani ni unga: maziwa ya unga, sukari, na chai kwa mbali. Baba yangu ana kisukari, nilimpa kikombe kizima nikidhani "sijaweka sukari". Nilijua nilichofanya nilipoonja kilichobaki. Na ule unga unaganda kwenye sindano ya kutolea, mwezi wa pili mashine ikaanza kutema nusu kikombe na kukohoa. Niliizibua kwa pini ya nguo.

Msomaji boksi aangalie viambato. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, rudisha rafuni.

---

FundiNyakato

Na maziwa usiweke kwenye tangi la maji. Nasema hivi kwa sababu shemeji yangu aliweka.

---

SatoMbichi

Ikawaje?

---

FundiNyakato

Tuliizika.

---

KijanaWaMirongo

Mimi naomba niwe mbaya kidogo. Maboksi manne mara 24 ni podi 96, kila moja plastiki, karatasi ya foili juu na kichujio ndani, vyote vimebanana. Mwaka 2019 tuliacha mifuko ya plastiki tukazoea. Mimi naishi kando ya mto Mirongo, mvua ikinyesha naona kinachoelekea ziwani, si majani ya miti. Hata John Sylvan aliyebuni hizo podi alikiri hadharani mwaka 2015 kwamba wakati mwingine hujisikia vibaya kuwa alizitengeneza. Na kwa hesabu ya pesa, podi moja kule inaangukia zaidi ya nusu dola. Kwa podi chache tu unanunua pakiti kubwa ya majani ya Mufindi na chenji ya vitumbua.

Nunua chupa ya chai ya lita tatu. Mlinzi achemshe saa kumi usiku. Kazi imekwisha.

---

BintiNyegezi

KijanaWaMirongo sijakasirika, umesema kweli. Chupa nilishajaribu. Mlinzi wangu ni mzee wa watu, jiko la gesi analiogopa, na la mkaa siku moja lilimpitia usingizi. Mashine inajizima yenyewe, ndiyo ilinivutia. Podi zikitumika nitazimenya: foili mbali, majani kwenye bustani, kikopo kwa dada wa jirani anayeotesha miche ya nyanya. Kina tundu chini tayari.

---

MamaKisesa

Mimi nina mashine ya Nespresso, zile za podi za kahawa, aliyoacha mpangaji. Podi hizi zitaingia?

---

ShangaziKirumba

Haziingii mama. Kopo la Keurig ni pana na refu, la Nespresso ni dogo mfano wa kifuniko cha chupa ya chai. Hata Nespresso wenyewe kwa wenyewe, mashine zao za nyumbani zina familia mbili, Original na Vertuo, hazipokeani. Beba podi moja tupu uende nayo popote unapoagiza, uoneshe kwa macho.

---

MamaKisesa

Asante. Basi yangu itaendelea kuwa pambo.

---

BintiNyegezi (Jumapili, saa 4:30 asubuhi)

Wakuu mrejesho wa kwanza. Nimepata transfoma ya wati 3,000 kwa fundi mmoja huku mjini, nimekodi kwa mwezi kwanza. Nzito kweli, tumeibeba wawili. Haingurumi.

Leo saa kumi na moja kasoro nimepanga vikombe vitano juu ya kaunta ya mapokezi. Waonjaji: mlinzi wetu (mzee wa Ukerewe), dada wa usafi, na mgeni mmoja dereva wa lori wa Kahama aliyekuwa anasubiri kijana wake. Maziwa ya moto kwenye kijagi pembeni, sukari, na sahani ya matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) aliyoniletea mama. Maji ni ya bomba, niliyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha, harufu ya dawa ikaisha. Kitufe cha 6 kwa wote.

Ya viungo ilitoka kwanza. Rangi ya tofali. Jamani, tofauti na ile vanila ya Alhamisi ni ya mbingu na ardhi, na ukiacha ladha na transfoma, nilichobadilisha hasa ni kitufe na kikombe cha moto. Nikaongeza maziwa kama robo ya kikombe. Mlinzi akatumbukiza tobolwa, akatafuna, akasema, "Hii ni chai. Ila tangawizi imefichwa wapi?" Kweli, mdalasini na karafuu zimejaa, tangawizi kama imepita mlangoni tu.

Pichi: nilisahau kupitisha maji matupu, Shangazi nisamehe. Ikatoka pichi yenye mdalasini. Harufu ya peremende za dukani, ulimini hamna kitu. Nilichobaki nacho nikakiweka friji, na mpwa wangu amekinywa sasa hivi kwa barafu, anaulizia kingine. Rasiberi hakuna aliyemaliza, hata dada wa usafi ambaye huwa hatupi kitu.

Earl Grey nikampa mlinzi bila kumwambia. Akanusa. Akakiweka chini, akanitazama kwa upole kama mtu anayetaka kuniambia habari ya msiba. "Binti yangu, kikombe hiki kimesuuzwa kweli? Kina sabuni ya kuogea." Dereva akakichukua, akakinywa cha rangi hivyohivyo mpaka mwisho, akaniuliza ninauza bei gani. Anasema alikuwa anapewa hiyo kwenye ofisi moja Dar miaka ya nyuma.

Chungwa ilishinda kwa dada wa usafi. Kwa rangi nzuri, kwa maziwa nzuri zaidi.

---

ShangaziKirumba

Mlinzi wako mwambie hajakosea hata kidogo. Mafuta hayohayo ya bergamoti ndiyo yanayotiwa kwenye manukato na sabuni. Pua yake inajua kazi.

---

MzeeWaMajani

Nimefurahi, hasa hapo kwenye rangi ya tofali.

Maji uliyotumia yamekusaidia pia. Maji ya ziwa letu ni laini, hayana chokaa nyingi, chai inatoka angavu na mashine haifanyi ukoko haraka. Atakayetumia ya kisima na akaona unga mweupe kwenye birika lake, ajue na ndani ya mashine umo. Apitishe maji yenye siki mara kwa mara, halafu maji matupu mara kadhaa.

Sasa kuhusu tangawizi iliyofichwa. Kuna kikopo cha chujio cha kutumia tena na tena, Keurig wanakiita My K-Cup. Unajaza majani yako mwenyewe, unafunga, unaweka mahali pa podi. Kinaingia pembeni kabisa mwa begi, ndani ya kiatu hata. Hiki ndicho ningeagiza kwanza, podi baadaye. Ila mwambie kaka ajue toleo la mashine yako. Kuna kizazi kiitwacho 2.0, kilitoka 2014, kilikuwa kinasoma alama kwenye podi na kukataa za kampuni zisizo na kibali. Watu walipiga kelele mpaka mwaka uliofuata kampuni ikarudisha chujio. Kwa hiyo machujio yako ya namna zaidi ya moja, asiokote tu la kwanza.

Ukikipata: majani ya BP1 au PF1, yaani punje unazoziona kwa macho, si vumbi, vumbi litapita na kukuachia tope chini ya kikombe. Jaza nusu na kidogo, majani hufura. Tangawizi kavu, iliki mbili, twanga kwenye kinu ibaki chenga, isiwe unga.

---

MwanaUkerewe

Yaani mashine ya dola zote hizo, kazi yake iwe kumwaga maji ya moto juu ya majani ya Mufindi?

---

MzeeWaMajani

Kwani birika lako linafanya kazi gani nyingine?

---

BintiNyegezi

Nimemwandikia kaka. Ya viungo maboksi mawili, nimemsisitiza ISIWE latte, nimemtumia na maneno ya MwanaUkerewe kama yalivyo. Chungwa moja. Earl Grey moja kwa ajili ya akina dereva. Na chujio mbili ndani ya viatu. Vanila nimeiacha kwa roho nzito, ile harufu bado naikumbuka, nitamwambia shangazi yangu wa Bukoba aniletee vanila ya kwao nijaribu kuikata ndani ya majani.

---

SatoMbichi

Mrejesho tafadhali. Nimeweka kambi hapa.

---

BintiNyegezi (wiki tano baadaye)

Wakuu, kaka amekuja na ameondoka.

Boksi moja kati ya yale mawili ya viungo ni latte. Anasema msichana wa dukani alimhakikishia. Sukari ni ya kwanza kwenye viambato, MwanaUkerewe ningekuwa na uwezo ningekutumia picha uzeeke. Nimempa dada wa usafi, analinywa yeye na watoto wake kwa kumimina unga kikombeni na maji ya birika, mashine hailioni.

Boksi zuri la viungo limebaki podi nne. Earl Grey inakwenda taratibu lakini anayeitaka anaitaka kweli, kuna mwalimu mmoja anayekuja kila Ijumaa ananiuliza hiyo kabla ya funguo. Nauza kikombe pamoja na vitumbua viwili, na asubuhi ya Jumatatu niliuza vikombe kumi na moja. Kwa SatoMbichi: wa saba alisubiri kama dakika kumi na tano, na basi hakulikosa.

Chujio sasa. Siku ya kwanza nikajaza kama Mzee alivyosema: nusu na kidogo, PF1, tangawizi chenga, iliki mbili. Nikaona nimemaliza maisha. Nikampelekea mgeni mmoja mama wa Kigoma kikombe chenye rangi ya kutamanisha, maziwa juu. Akapiga funda moja, akatulia, akapiga la pili kama anayehakikisha. "Mwanangu, chai yako umepikia sufuria la dagaa?"

Nikaonja. Dagaa kabisa. Wa Ukerewe, waliokaushwa vizuri.

Pakiti ya majani nilikuwa nimeiacha wazi stoo, pale pale ilipokuwa mashine.

---

MzeeWaMajani

Hilo nilipaswa kulisema na nikasahau, lawama nusu ni yangu. Podi imefungwa na foili, unaweza kuilaza juu ya sangara na isijue. Majani yaliyo wazi yanavuta kila harufu iliyo karibu. Ndivyo yanavyotiwa hiyo bergamoti, hivyohivyo. Kiwandani mtu alikuwa haingii ghala la chai na sabuni ya kufulia mfukoni.

Hiyo pakiti haiokoleki. Wape mboga.

---

BintiNyegezi

Mchicha umeshaipata. Majani mapya nimeyaweka kwenye kopo la bati la maziwa ya unga, mfuniko umebana, chini ya kaunta ya mapokezi. Mama wa Kigoma nilimpa Earl Grey bure kumwomba radhi, akasema afadhali dagaa.

Magunia ya dagaa nimeyahamishia kwa jirani wa saluni siku nilipomrudishia transfoma yake. Jana amenipigia simu, wateja wake wanauliza anawapaka mafuta gani.